Sphinx na Read the Docs kwa maktaba ya Python: uzoefu wangu

Kwa maktaba ya Python ambayo matoleo yake zaidi ya moja yako mikononi mwa watu, sijaona huduma ya bure ya kujenga na kuweka nyaraka mtandaoni inayoishinda Read the Docs, ukiitumia na Sphinx, programu inayogeuza maandishi na msimbo kuwa kurasa za nyaraka. Sababu yangu kubwa ni matoleo. Mtu ambaye seva yake bado iko kwenye 1.4 hana faida yoyote na ukurasa unaoeleza fanksheni iliyoingia kwenye 2.0, atainakili, itagoma, na atakuja kulalamika kwako. Hapa kila tagi ya Git unayoiwasha inapata anwani yake. `latest` hufuata tawi kuu, na `stable` huhamia yenyewe kwenye tagi ya toleo rasmi la juu kabisa, mradi tagi zako zimeandikwa kwa utaratibu wa namba kama v2.1.0. Tagi za majaribio kama 2.2.0rc1 hazigusi `stable`, jambo ninalolithamini sana.

Tangu 2023 mradi haujengwi bila faili la usanidi, `.readthedocs.yaml`, kwenye mzizi wa repo. Langu ni fupi:

```
version: 2
build:
  os: ubuntu-24.04
  tools:
    python: "3.12"
sphinx:
  configuration: docs/conf.py
  fail_on_warning: true
python:
  install:
    - requirements: docs/requirements.txt
    - method: pip
      path: .
```

Usiziondoe alama za nukuu kwenye namba ya Python. YAML husoma 3.10 isiyo na nukuu kama namba ya desimali, yaani 3.1, na ujenzi unakwama papo hapo.

Mstari wenye thamani kuliko yote hapo ni `fail_on_warning`. Kiendelezi cha autodoc, kinachotoa maelezo ya fanksheni kwenye msimbo na kuyaweka kwenye kurasa, hakisomi msimbo wako kama maandishi, kinaupakia kweli kweli kwa `import`. Maktaba ikihitaji tegemezi ambalo halipo kwenye mashine ya ujenzi, `import` inafeli, Sphinx inaandika onyo moja kwenye logi, kisha inaendelea na kazi. Mwisho wake ni alama ya kijani na ukurasa wa marejeo wenye kichwa cha habari bila fanksheni hata moja chini yake. Hakuna anayejua mpaka mtumiaji aulize maelezo yamekwenda wapi. Ukiweka mstari huo, onyo linageuka kosa na ujenzi unafeli.

Tiba yenyewe ni hizo mistari miwili ya mwisho: `method: pip` na `path: .` zinasakinisha maktaba yako pamoja na tegemezi zake. Kwa tegemezi nzito, au zinazotaka kadi ya michoro, tumia `autodoc_mock_imports` ndani ya conf.py, faili la mipangilio ya Sphinx: inaziigiza bila kuzisakinisha. Lakini itumie kwa kiasi. Klasi inayorithi kutoka kwenye kitu kilichoigizwa kwa njia hiyo mara nyingi hutoka na maelezo pungufu, na safari hii onyo halitokei.

Ndani ya docs/requirements.txt funga namba kamili za Sphinx, mandhari na viendelezi kwa `==`. Mandhari huwa na kikomo cha toleo la Sphinx wanalolikubali. Ukiacha wazi, pip itachukua mpya kila siku, na nyaraka zilizojengeka vizuri wiki iliyopita zitavunjika bila wewe kugusa herufi.

Kuna tatizo jingine linalowasumbua wanaotumia setuptools_scm, zana inayosoma namba ya toleo kutoka kwenye tagi za Git: nyaraka zinaonyesha toleo la ajabu linaloanza na 0.1.dev. Read the Docs huvuta sehemu tu ya historia ya Git, hivyo tagi ya karibu inaweza isionekane. Ongeza chini ya `build` sehemu ya `jobs`, kisha `post_checkout`, yenye amri `git fetch --unshallow || true`.

Kitu kingine ambacho nisingependa kukikosa ni hakikisho (preview) la kila ombi la kuunganisha (pull request). Mchangiaji akileta mabadiliko, nyaraka zake zinajengwa kwenye anwani ya pembeni. Unaona jedwali limekaaje na viungo vinakwenda wapi kabla ya kukubali. Washa kwenye mipangilio ya mradi.

Gharama yake? Huduma ya bure ina matangazo kwenye kurasa, na muda wa ujenzi una kikomo. PDF nayo ni ya kubembeleza, kwa kuwa inapitia LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa, ambao haupokei picha za SVG moja kwa moja. Kwa wasomaji wanaohesabu bando mimi huwasha `htmlzip` chini ya `formats`: nyaraka zote katika ukurasa mmoja, zinapakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti.

Kama maktaba yako ni ndogo na ina toleo moja tu linalotumika, GitHub Pages inatosha. Tovuti isizidi GB 1. Ukichapisha kutoka kwenye tawi, weka faili tupu la `.nojekyll`, kwa sababu Jekyll, zana ambayo GitHub Pages huitumia kutengeneza tovuti, huruka folda zinazoanza na mstari wa chini. `_static` ikirukwa, kurasa zinatoka uchi bila mitindo. Kiendelezi cha `sphinx.ext.githubpages` kinakutengenezea faili hilo. Matoleo ya zamani utayapanga kwa mkono wako.

Kabla ya kusukuma chochote, jenga kwenye mashine yako:

```
python -m sphinx -W --keep-going -n -b html docs docs/_build/html
```

`-W` inageuza maonyo kuwa makosa. Kwenye Sphinx za kabla ya 8.1, `--keep-going` inakuonyesha maonyo yote kwa mkupuo badala ya kusimama kwenye la kwanza; kuanzia 8.1 ndivyo inavyofanya yenyewe. `-n` inashika marejeo yasiyofika popote. Mara ya kwanza yatamiminika mengi, hasa kutoka kwenye aina za data za maktaba nyingine. Mengi yanaisha ukizisajili maktaba hizo kwenye `intersphinx_mapping`, orodha ya conf.py inayounganisha na nyaraka za maktaba nyingine, na yanayobaki, yale tu uliyoyakagua, yaorodheshe kwenye `nitpick_ignore`.