Siku 6 za kuchora uso wa mjomba kwa rangi za mafuta, Lamu

Nilikwenda darasani na picha ya mjomba kwenye simu. Mwalimu akaitazama kidogo, akauliza, "Mwenyewe yupo? Mlete." Mjomba akaja, akaketi barazani kila asubuhi saa mbili, siku 6. Kwa hilo tu, shilingi 9,000 nilizolipa haziniumi.

Siku mbili za mwanzo ni kahawia tupu, iliyozimuliwa kwa tapentaini, na kitambaa cha kufutia palipo na mwanga. Nilikuwa na pupa ya kuchora macho. Mwalimu akakataa katakata: kope baadaye, kwanza mashimo ya macho yakae mahali pake.

Kisha rangi nne tu: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Ndizo anazojulikana nazo Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi. Nilishazoea kutia nyeusi kila penye kivuli, ngozi ikatoka kama masizi. Hapa nikaambiwa nitazame chini ya taya la mjomba. Nilipodhani pana giza, palikuwa na mwanga wa njano uliodunda kutoka ukuta wa chokaa upande wa pili wa njia. Nikatia doa dogo kama ukucha. Taya likajitenga na shingo pale pale.

Safu ya chini ya rangi iwe na mafuta machache kuliko ya juu. La sivyo ya juu hukauka kwanza, halafu hupasuka. Hili lilifundishwa vizuri.

Sikupendezwa na kanvasi tuliyouziwa hapo hapo. Haikuwa imepakwa vizuri rangi ya msingi, ikanywa mafuta yote na shavu likapauka kama chaki. Nikanunua nyingine, shilingi 800, na asubuhi moja ikapotea. Ukienda, beba yako.

Jambo jingine halikusemwa mpaka nilipouliza: vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi hizi, vikirundikwa huweza kupata joto vyenyewe na kuwaka. Kwa nyumba zetu za makuti, lilipaswa kuwa somo la kwanza. Vyangu navitandaza kimoja kimoja kwenye kamba, nje.

Siku ya mwisho mjomba alisimama mbele ya picha kimya, akagusa hewa karibu na jicho la kushoto. "Hili la marehemu baba," akasema.

Picha iko ukumbini, mbali na jua. Vanishi nitapaka baada ya miezi 6 au zaidi, ikishakauka hadi ndani.