Uzoefu wangu: kutyuni injini ya FRR Nakuru, na lori kurudi kupanda Kapsoit

Nimefanyiwa huduma ya kupanga upya programu ya injini kwenye lori langu hapa Nakuru, na nimeridhika. Naandika kwa wenye malori ya dizeli yenye kompyuta, hasa Isuzu FRR ya injini ya 4HK1 kama langu, ile ya lita 5.2 na silinda nne. Sehemu kubwa ya kuridhika kwangu inatokana na kazi iliyofanywa kabla programu haijaguswa, kwa hiyo nitakaa sana hapo.

Lori hili linabeba viazi kutoka Molo na Kuresoi kwenda soko la Kibuye, Kisumu, na likirudi hubeba sukari au mchele. Kwenda si taabu: Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na Kisumu ni kama mita 1,130, kwa hiyo barabara karibu yote ni ya kuteremka na kinachohitajika ni breki na akili. Kurudi ndiko kunakomaliza injini. Ukiacha tambarare ya Ahero na Awasi unaanza kupanda Kapsoit hadi Kericho, halafu Chepseon, halafu Londiani, mpaka Mau Summit. Zamani tulikuwa tunapanda Kapsoit kwa gia ya nne na mzigo mgongoni. Ikafika wakati ni gia ya tatu, pengine ya pili, moshi mweusi nyuma, na trela zinatupita. Dereva wangu akaniambia, "Mzee, hata nikikanyaga mpaka chini, haisikii." Kwenye dashibodi hakuna taa yoyote iliyowaka.

Wa kunishauri hawakukosekana. Kuna aliyetaka niweke turbo kubwa zaidi, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Kuna aliyesema atanipakia faili la nguvu, yaani programu ya injini iliyotengenezwa tayari, nikiwa nakunywa chai. Fundi niliyemchagua alinikatalia. "Mzee, injini ikiwa inavuja hewa, nikiongeza dizeli nitakuongezea moshi tu. Kwanza tupime." Kwa neno hilo nilimpa kazi.

Alitaka lori likiwa na mzigo, maana lori tupu linaficha ugonjwa. Akaunganisha kompyuta yake, akaketi katikati yetu, tukatoka Nakuru tukapanda Salgaa hadi Sachangwan huku akirekodi. Alichokuwa akilinganisha ni vitu viwili: kile ambacho kompyuta ya lori inaomba, na kile ambacho injini inapata. Inaomba turbo isukume hewa kwa kiwango fulani; je, hewa hiyo imefika? Inaomba mgandamizo fulani wa dizeli kwenye reli ya nozeli, lile bomba linalozigawia nozeli dizeli. Je, pampu imeutoa? Mlimani tofauti ilikuwa wazi hata kwangu nisiyejua kusoma michoro ile. Hewa ilikuwa inapungukia njiani, na mgandamizo wa dizeli ulikuwa unashuka kila dereva alipokanyaga.

Gereji ikapata sababu. Mpira wa intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, ulikuwa umepasuka chini ya kibano, mahali ambapo ufa haufunguki mpaka turbo isukume kwa nguvu, ndiyo maana hakuna aliyeuona lori likiwa limesimama. Nozeli mbili zilikuwa zinarudisha dizeli nyingi mno kwenye tangi badala ya kuipuliza ndani ya silinda. Na kihisi cha mgandamizo wa hewa kilikuwa kimefunikwa na masizi, kinaidanganya kompyuta. Yote yakarekebishwa. Nozeli mpya zilipofungwa, aliingiza kwenye kompyuta misimbo iliyoandikwa juu yake. Hili msiliache: kila nozeli hutoka kiwandani ikiwa na tofauti yake ndogo, na kompyuta isipoambiwa, injini hutetemeka na kula mafuta hata kama kila kipuri ni kipya.

Tulipopanda tena mlima ule ule, sehemu kubwa ya nguvu ilikuwa imesharudi, na programu bado ni ile ya kiwandani. Ndugu zangu wenye malori, liangalieni hilo vizuri. Watu wengi wanalipia faili la kuficha mpira uliopasuka. Nguvu inaonekana kwa muda, kisha turbo inakufa, na lawama inaangukia kutyuni.

Ndipo akaja kwenye programu. Alisoma ya awali akaihifadhi, nakala moja akanipa kwenye flashi. Kisha akaandika yetu akizingatia barabara zetu, na hapa ndipo niliona tofauti ya faili la kutengenezewa na lile la kupakua. Hewa ya Mau Summit ina mgandamizo wa karibu robo tatu tu ya ule wa pwani. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikishe hewa ile ile. Ukimwaga dizeli kana kwamba uko Mombasa, haiungui yote. Inatoka moshi, na joto la eksozi linapanda. Joto hilo likipita nyuzi 700 hivi kabla ya turbo, na mlima ni mrefu, unapika turbo na pistoni.

Kwa hiyo aliongeza kidogo, na pale tunapopandia tu, kati ya mizunguko 1,400 na 2,200 kwa dakika. Mizunguko ya juu kabisa hakuigusa. Akabana kiwango cha dizeli hewa ikiwa pungufu, na akafunga kipimo cha joto la eksozi ambacho dereva anakiona. Tukatoka tena, akarekodi, akapunguza mahali joto lilipokuwa linasogea juu, tukarudia mpaka akaridhika. Kidhibiti mwendo hakikuguswa, kilomita 80 kwa saa ni sheria na mimi sina haja ya zaidi. Breki ya eksozi, ile inayoziba njia ya moshi ili injini ilishikilie lori, tuliijaribu kwa makusudi tukishuka Sachangwan kuja Salgaa, barabara ambayo sote tunajua ilivyoua watu. Inashika kama zamani. Fundi akikurudishia nguvu ya kupanda bila kukagua kinachokushikilia ukishuka, usimlipe.

Sasa Kapsoit ni gia ya nne tena. Moshi mweusi umeisha, na moshi ule ni dizeli uliyoilipia ikaondoka bila kuungua, jambo linalouma kila EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, inapotangaza bei ya mafuta tarehe 14. Dizeli tunayotia Kisumu sasa inatufikisha nyumbani bila kuongeza Kericho, na dereva anapita Londiani kukiwa bado na mwanga.

Yasiyonifurahisha yapo. Lori lilikaa sana gereji likisubiri vipuri, na msimu wa viazi haungoji. Ripoti ya maandishi niliipata baada ya kuidai mara kadhaa, wakati ilipaswa kutolewa pamoja na risiti. Bei pia si ya mchezo, ingawa nozeli ndizo zilizokula pesa nyingi. Programu yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya bili.

Kama lori lako bado lina dhamana ya muuzaji, ongea naye kabla ya mtu yeyote kugusa kompyuta, maana dhamana inaweza kukatika. Na kama una lori la Canter la zamani lenye injini ya 4D33 au FH yenye injini ya 6D16, zile za pampu ya kawaida, usikubali kuuziwa huduma hii. Hakuna kompyuta ya kupangwa humo. Lipeleke kwa fundi wa pampu na nozeli, na ukague filta na mipira ya hewa.

Jambo la mwisho ni klachi. Nguvu ikirudi, klachi iliyochakaa inaanza kuteleza mlimani, na yetu imeshaonyesha dalili karibu na Chepseon. Fundi alikuwa ameliandika kwenye ripoti, na mpya nimeshaiagiza.