Fiksi ya Mitaani Niliyoiunda Mwenyewe: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Baiskeli ninayoitathmini hapa haikununuliwa ikiwa kamili. Niliiunda kiungo kimoja baada ya kingine, na picha yake ilikaa kichwani mwangu miaka kadhaa kabla sijapata fremu. Nimeiendesha karibu kila siku kwa mwaka mzima, katika msongamano wa magari, katika mvua na juu ya lami iliyochakaa, kabla ya kuthubutu kuitolea hukumu. Ni baiskeli ya gia iliyofungwa, ambayo waendeshaji wake huiita fiksi: haina friwili, kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka pedali zikiwa zimetulia, kwa hiyo gia ya nyuma imeshikamana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, na maadamu gurudumu linazunguka, pedali nazo huzunguka na miguu haina budi kuzifuata. Mwendeshaji hawezi kutuliza miguu akaiacha baiskeli ijiendee kwenye mteremko. Anapotaka kupunguza mwendo huzizuia pedali, na akizizuia kwa nguvu za kutosha, gurudumu la nyuma husimama kabisa.

Nilipoanza kuipanga, karibu mawazo yangu yote yalikwenda kwenye vitu anavyoviona mpita njia, kama rangi ya fremu, umbo la usukani na kina cha ringi. Leo nina hakika kwamba ubora wa fiksi ya mitaani huamuliwa na mambo matatu ambayo mpita njia hayaoni, yaani habu ya nyuma, mstari wa mnyororo na breki ya mbele, na kwamba anayetaka kutumia fedha zake vizuri azimalizie huko kwanza, ndipo afikirie rangi. Naanza na habu kwa sababu ndiko nilikokosea.

Gurudumu la nyuma la kwanza nililolipata lilikuwa limetumika, na muuzaji alinihakikishia kwamba limegeuzwa kuwa la fiksi. Ukweli ni kwamba lilikuwa na habu ya kawaida ya friwili, yenye hesi (mikato ya kukazia) ya aina moja tu, ambamo gia ilikuwa imekazwa na kuzuiwa kwa nati bapa iliyotolewa kwenye ekseli ya krenki, yaani ya mikono ya pedali. Nati hiyo na gia vilifunguka kwa kuzungushwa upande uleule, hivyo kila nilipozizuia pedali nilikuwa nikivilegeza vyote viwili bila kujua. Siku ya nne, nilipokuwa nakaribia makutano ya barabara, nilizuia pedali nazo zikarudi nyuma bure, bila kushika chochote. Breki ya mbele ndiyo iliyoniokoa. Gurudumu lile sikuliuza tena kwa mtu mwingine. Nililifungua spoki na kulitupa.

Habu halisi ya gia iliyofungwa ina ngazi mbili za hesi. Ngazi kubwa hupokea gia na ina hesi ya kawaida inayokazwa kuelekea kulia. Ngazi ndogo iliyo nje yake hupokea nati ya kufungia, na hesi yake ni ya kinyume, inayokazwa kuelekea kushoto. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwendeshaji anapozizuia pedali, nguvu inayotaka kuifungua gia huisukuma nati ile upande wa kukaza, na gia haina pa kwenda. Nilichagua habu ya Shimano Dura-Ace 7600, ambayo upana wake kati ya miguu ya fremu ni milimita 120, kipimo cha kawaida cha fremu za uwanjani, yaani za mbio za kwenye uwanja wa baiskeli. Inatumia gololi zisizo na kasha, zinazokaa kati ya koni na kikombe. Wengine huona gololi za namna hiyo ni usumbufu, lakini mimi naziona ni fadhila kubwa: baada ya msimu wa mvua niliifungua kwa spana nyembamba za koni, nikaosha gololi, nikapaka grisi mpya, na ikarudi kuzunguka kwa ulaini uleule wa siku ya kwanza. Kwa atakayeifunga, lipo jambo moja ambalo halipaswi kurukwa. Paka grisi kwenye hesi, kaza gia kwa spana ya mnyororo, panda kilima kifupi ukikanyaga kwa nguvu zote ili gia ijikaze hadi mwisho, ndipo urudi uikaze nati ya kufungia kwa mara nyingine. Nati iliyokazwa mara moja tu, kabla ya kupanda kilima, huwa na nafasi ndogo ambayo baadaye hula hesi ya habu.

Mstari wa mnyororo ni jambo dogo kulieleza na gumu kulipata. Gia ya mbele na ya nyuma zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, na kwa habu za uwanjani mstari huo huwa takriban milimita 42 kutoka katikati ya fremu. Nilitumia krenki za Sugino 75 zenye urefu wa milimita 165, pamoja na ekseli ya milimita 109 iliyotengenezwa kwa ajili yake. Hapa pana mtego ambao umewaponza waundaji wengi. Ncha za mraba za ekseli hufuata vipimo viwili, ISO cha kimataifa na JIS cha Kijapani, ambavyo kwa macho vinafanana kabisa. Krenki ya ISO ikivalishwa ekseli ya JIS haiingii hadi mwisho, nayo gia ya mbele hukaa nje kwa milimita kadhaa. Mnyororo ukienda upande namna hiyo hunguruma, huchakaa upesi, na kwenye fiksi unaweza kuruka nje ya gia huku pedali zikiendelea kuzungushwa na gurudumu. Kwenye baiskeli ya friwili, mnyororo kutoka ni kero tu. Kwenye fiksi unaweza kujikunja kati ya gia na fremu, ukalifunga gurudumu la nyuma ghafla. Krenki hizi nazipa sifa bila kusita: ni ngumu, hazipindi ninaposimama kukanyaga, na gia ya mbele iliyofungwa juu yake ni duara karibu kamili, jambo ambalo huleta utulivu mkubwa katika ukazaji wa mnyororo.

Sasa idadi ya meno, ambayo nimeibadilisha mara moja. Nilianza na meno 48 mbele na 16 nyuma, kwa kuwa hesabu yake ilinipendeza: mzunguko mmoja wa krenki huzungusha gurudumu mara tatu kamili. Uzuri huo wa hesabu ndio ulioniharibia tairi. Anayeburuza gurudumu ili asimame huwa ameweka miguu mahali palepale kila mara, krenki zikiwa zimelala sawa na ardhi, na kwa uwiano wa tatu kwa moja krenki zikiwa mahali hapo, sehemu ileile ya tairi ndiyo inayogusa lami. Tairi langu lilitoboka upande mmoja huku pengine pote likiwa bado na kashata zake. Kanuni ni nyepesi: rahisisha sehemu ya meno ya mbele juu ya meno ya nyuma, na namba inayobaki chini ndiyo idadi ya mahali ambapo tairi litaliwa. Nilihamia meno 47 na 17. Namba hizo hazigawanyiki kwa pamoja, kwa hiyo tairi hupata sehemu 17 za kuburuzwa, na kwa kuwa 47 ni namba witiri, mwendeshaji anayeweza kuburuza kwa kutanguliza mguu wowote hupata 34. Kwa tairi la milimita 28, kila mzunguko wa krenki hunisogeza karibu mita 5.9; nikizungusha mara 90 kwa dakika huenda kilomita 32 hivi kwa saa, na kwenye mteremko wa kilomita 40 kwa saa miguu yangu hulazimika kuzunguka mara 113 kwa dakika, kasi ambayo bado naimudu. Uwiano huu ni mwepesi kidogo kuondoka nao kwenye taa za barabarani na, jambo lenye uzito zaidi, ni mwepesi kuuzuia. Wapo wanaojivunia gia nzito. Katika mji wenye taa kila mita mia mbili, gia nzito humlipa mwendeshaji maumivu ya magoti.

Kuhusu breki ya mbele sitaki kuacha shaka yoyote. Fiksi isiyo na kitu kwenye usukani ni nzuri kutazama, na najua mvuto wake kwa sababu niliutamani mwenyewe. Lakini baiskeli inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, na la nyuma hubaki jepesi kiasi kwamba kuliburuza hakuwezi kamwe kusimamisha baiskeli katika umbali mfupi kama breki ya mbele inavyoweza. Hilo haliondolewi na ustadi wala nguvu za mapaja, maana ni suala la uzito na msuguano. Sheria za baadhi ya nchi zimelizingatia. Nchini Uingereza, kwa mfano, fiksi inaruhusiwa barabarani bila breki ya nyuma, lakini ya mbele ni lazima. Nilifunga breki moja ya kubana ringi, pamoja na mpini mdogo ulio karibu na katikati ya usukani, na sijaona kwamba imeharibu sura ya baiskeli. Asilimia kubwa ya safari zangu siigusi. Siku nilipoihitaji kwenye yale makutano, hakukuwa na kitu kingine cha kushika.

Fremu yangu ni ya chuma cha kromoli, yenye tundu la breki kwenye foko, na miguu ya nyuma imefunguka kuelekea nyuma ili gurudumu livutwe kukaza mnyororo. Hapa nilitofautiana na rafiki zangu kadhaa waliotaka fremu halisi ya keirin, mbio za Japani zilizoanza mwaka 1948, ambazo vifaa vyake hupigwa muhuri wa NJS, alama ya kwamba vimeidhinishwa kwa mbio hizo. Muhuri huo ni ushahidi wa kweli wa ubora, na hata krenki zangu zinao, ila ulikusudiwa uwanja wa mbio, mahali pasipo na mashimo wala magari, na ambapo breki hazitakiwi. Ni kweli kwamba uwanja na mtaa vimekuwa vikipeana watu tangu zamani. Nelson Vails alikuwa akipeleka vifurushi kwa baiskeli mjini New York kabla ya kushinda medali ya fedha ya mbio fupi katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984. Hata hivyo, fremu ya uwanjani mara nyingi huwa na pembe kali na gurudumu la mbele lililo karibu sana na pedali, kiasi kwamba katika kona ya polepole kidole cha mguu hugonga tairi. Fremu yangu imelegezwa pembe kidogo, na nimefurahi kwamba ekseli yake ya krenki iko juu, kwa sababu kwenye kona huwezi kuizuia pedali ya ndani isishuke. Hapo ndipo urefu wa milimita 165 badala ya 170 au zaidi unapojionyesha. Lawama yangu kwa fremu hii ni mbili. Haina matundu ya kufungia madigadi, nami nimerudi nyumbani nikiwa na mstari wa matope mgongoni mara nyingi kuliko ninavyopenda, na nafasi ya tairi inaishia milimita 28, ilhali kwa lami ya mtaani ningependelea 32.

Magurudumu yana spoki 32 kila moja, zilizosukwa kwa kupishana mara tatu, na tangu fundi aliponinyoshea baada ya wiki ya kwanza hayajayumba. Siti na usukani sina mengi ya kuvisemea: siti ni ngumu na yanifaa, usukani ni mpana kidogo kuliko ulio kwenye mitindo ya sasa, na upana huo husaidia ninaposimama papo hapo kwenye taa bila kukanyaga chini. Pedali ndizo ambazo bado sijaridhika nazo. Miguu lazima ifungwe, kwa sababu kuzuia kunahitaji mguu mmoja usukume chini na mwingine uvute juu, na mguu ukitoka pedali huendelea kuzunguka na kupiga muundi. Mikanda mipana niliyofunga hushika vizuri ikiwa mikavu, ila ikilowa hulegea, nami nimeshaagiza mikanda ya ngozi yenye kulabu za chuma.

Matunzo ni machache, lakini hayakubali uvivu. Mnyororo wa inchi 1/8 unapaswa kucheza karibu sentimita moja juu na chini katikati yake, na kipimo hicho huchukuliwa pale unapokaza zaidi, kwani hata gia nzuri haikosi upande mmoja uliokwenda nje kidogo. Zungusha krenki polepole hadi upaone, ndipo ukaze nati za ekseli. Nati hizo ni za milimita 15, na kwa kuwa gurudumu la nyuma halina kifungio cha kufungua kwa mkono, spana yake hukaa mkobani mwangu pamoja na tyubu ya akiba na pampu. Pancha ya nyuma imenipata mara mbili mwaka huu. Mara zote mbili nilitumia muda mrefu zaidi kulirudisha gurudumu katikati ya fremu na mnyororo katika ukazo wake kuliko kubadilisha tyubu yenyewe.