Santuri tatu za Nick Drake: ipi ununue kwanza

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama unapenda gitaa kavu, nunua Five Leaves Left. Kama unatafuta muziki wa kuchangamsha sebule wageni wakija, tunza pesa yako. Na kama unachojua kuhusu huyu Mwingereza, mwimbaji na mpiga gitaa, ni kwamba alikuwa na huzuni na akafa kijana, vumilia usome kidogo, kwa sababu sifa hiyo ndiyo inayouza santuri zake siku hizi na ndiyo inayowaziba watu masikio.

Albamu alizotoa akiwa hai ni tatu tu: Five Leaves Left ya mwaka 1969, Bryter Layter ya 1971 na Pink Moon ya 1972. Ya kwanza na ya tatu nilinunua mpya, toleo la karibuni. Bryter Layter niliokota ya mtumba mtandaoni ili kupunguza gharama, ikafika imepinda, sindano inapanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi. Muuzaji alirudisha pesa baada ya mabishano, nikaagiza nyingine. Nakala zilizotoka miaka ile ya mwanzo sizungumzii hapa, hizo bei yake ni ya wakusanyaji wenye fedha zao.

Jambo la kwanza kujua kabla ya kutoa pesa ni kwamba muziki huu ni wa sauti ya chini. Drake anaimba kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Kila vumbi kwenye santuri utalisikia, kila mkwaruzo utakukera. Spika zangu ndogo za mwanzo zilimeza besi yote anayoipiga kwa dole gumba, na bila ile besi nusu ya kazi yake imepotea. Mwenye spika za hovyo afadhali asikilize kwa hedifoni nzuri kwenye simu, hatapungukiwa kitu.

Sasa hilo dole gumba. Waliowahi kuhangaika kuiga gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Kongo wanajua maana ya kumfanya gumba ashike njia yake huku vidole vingine vikisema mengine kabisa. Drake yuko katika ukoo huo wa wapigaji, ila yeye anabadilisha na tyuni yenyewe. Wimbo wa "Pink Moon", kwa mfano, nyuzi zimetyuniwa C-G-C-F-C-E kuanzia uzi mnene, na kapo, kile kibanio cha kufupisha nyuzi, iko kwenye kituo cha pili cha shingo ya gitaa. Ndiyo maana jukwaani alikuwa akitumia muda mrefu kati ya wimbo na wimbo akitafuta tyuni nyingine, kimya, watazamaji wakianza kuongea na kugonganisha glasi. Hakuwa mtu wa kuchekesha watu wakati wa kusubiri. Maonyesho yake yalikuwa machache na hatimaye aliyaacha kabisa. Hakuna hata mkanda wa video unaomwonyesha akiimba, kwa hiyo ukitangaziwa "Nick Drake laivu" mahali fulani, kaa nao mbali.

Alizaliwa Rangoon, Burma, mwaka 1948, baba yake akiwa mhandisi kwenye kampuni ya mbao. Familia ikarudi Uingereza, akakulia kijiji cha Tanworth-in-Arden, Warwickshire, katika nyumba yenye piano ambayo mama yake, Molly, aliitumia kutunga nyimbo zake mwenyewe. Mama huyo hakuwahi kuuza hata wimbo mmoja maishani mwake, lakini rekodi alizofanya nyumbani zimetolewa baada ya yeye kufariki, na ukizisikiliza utajua mwanawe alirithi wapi ile mipangilio ya ajabu ya sauti. Kijana akaenda Cambridge kusoma fasihi ya Kiingereza, akaacha kabla ya kumaliza. Akiwa bado mwanafunzi, mpigaji besi wa bendi ya Fairport Convention, Ashley Hutchings, alimwona jukwaani London, akamweleza prodyuza Mmarekani Joe Boyd. Basi hapo ndipo mambo yalipoanza.

Five Leaves Left ilirekodiwa studio ya Sound Techniques, Chelsea, jengo lililokuwa zamani la biashara ya maziwa, fundi mitambo akiwa John Wood. Kuna kisa kimoja ninachokipenda kuhusu albamu hii kwa sababu kinavunja ile picha ya kijana mnyonge. Kampuni ilimletea mpangaji muziki mzoefu wa kuandika sehemu za fidla. Drake akasikiliza, akakataa. Akasema ana rafiki yake chuoni, Robert Kirby, mwanafunzi tu, huyo ndiye anayemtaka. Kijana wa miaka ishirini, albamu ya kwanza, anamkatalia prodyuza! Na alikuwa sahihi. Aliyezoea fidla za taarab, zinazotembea bega kwa bega na sauti ya mwimbaji, atashangaa kidogo: fidla za Kirby hazimfuati Drake, zinamzunguka kwa mbali.

Wimbo mmoja Kirby aliona unamshinda, "River Man", ukapelekwa kwa mpangaji mwingine, Harry Robinson. Huo una mapigo matano kwa kila mzunguko badala ya manne. Mguu wako utaanza kugonga sakafu na baada ya muda mfupi utajikuta umepotea, wakati gitaa linaendelea bila kutetereka hata chembe. Cha kushangaza, tyuni yake ni ile ya kawaida kabisa. Nimejaribu kuupiga na kuimba kwa pamoja. Kuupiga naweza.

Sikiliza pia ngoma za kongas kwenye "Three Hours". Mpigaji ni Mghana, Rocky Dzidzornu, aliyepiga pia na Rolling Stones. Danny Thompson yuko kwenye dabalbesi. Hawa watu wawili wanaufanya wimbo utembee, na hapo sioni huzuni yoyote, naona wanamuziki wanaofurahia kazi yao.

Bryter Layter ina ngoma, saksafoni, na vipande vitatu visivyo na maneno ambavyo kwangu ni mapambo ya ukuta. Kinachoiokoa ni "Poor Boy", ambapo Chris McGregor wa Afrika Kusini anapiga piano ya jazi na akina mama wanaitikia nyuma, na "Northern Sky" alioshirikiana na John Cale. Kwa nyimbo hizo mbili tu albamu inajilipa. Kwingine imejaa mno.

Pink Moon ndiyo watu wote watakushauri uanze nayo. Mimi nasema iwe ya mwisho. Ilirekodiwa kwa usiku mbili Oktoba 1971, Drake na John Wood peke yao studioni, sauti na gitaa, na piano kidogo tu kwenye wimbo wa kwanza. Nyimbo 11, kama dakika 28 hivi. Ukitazama bei kwa dakika, ni ghali. Wakati ule alikuwa tayari anaumwa sonona, na wengi huisikiliza kama barua ya kuaga. Lakini sikiliza vidole: havikosei mahali. Mgonjwa alikuwa yeye, kazi haikuwa mgonjwa. Ukishazijua zile mbili za mwanzo utasikia alichokiondoa, na kwamba alikiondoa kwa makusudi.

Wahenga wanasema chema chajiuza. Chake hakikujiuza; inasemekana kila albamu haikufikisha nakala 5,000 alipokuwa hai. Alirudi kuishi kwa wazazi wake, akafariki huko Novemba 1974 baada ya kuzidisha dawa za sonona, akiwa na miaka 26. Uchunguzi rasmi ulisema alijiua. Baadhi ya watu waliomjua hawakukubaliana nao. Mwaka 1999 Volkswagen wakatumia "Pink Moon" kwenye tangazo la gari Marekani, na Wamarekani waliokuwa hawajawahi kusikia jina lake wakaanza kumiminika madukani.

Kwa ubora wa bidhaa zenyewe: santuri mbili mpya ni kimya na zimenyooka, makasha ni ya karatasi ngumu, maneno ya nyimbo yanasomeka. Kwa anayeishi pwani, usiziache karibu na dirisha la jua la mchana. Mfuko wa ndani wa Pink Moon ni karatasi tupu inayokwaruza, niliubadilisha siku hiyohiyo. Nikipata pesa nyingine nitaagiza rekodi za Molly kabla ya mkusanyo wowote wa rekodi zilizobaki za mwanawe, maana hayo makasha makubwa ya rekodi za ziada bei yake haina huruma na nyimbo nyingi ndani yake ni zilezile.