Vinywaji vya harusi Philadelphia: duka la serikali, bohari ya bia, na duka la bangi ng'ambo ya mto

Kazi yangu ni kupika kwenye harusi za watu wetu wa Philadelphia na vitongoji vyake. Siku hizi kamati ikishaniita haiishii kwenye chakula, inanikabidhi na vinywaji. Pombe wanalipa maharusi wenyewe kwa sababu mimi sina leseni ya kuuza. Ninachofanya ni kuandika orodha, kufuatana nao dukani na kuhakikisha mzigo umepakiwa sawasawa. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayenunua kwa ajili ya ukumbi mzima. Anayetafuta chupa moja ya Ijumaa jioni ataona mengine hayamhusu, lakini sehemu ya bangi naomba aisome hata yeye.

Katika jimbo letu la Pennsylvania pombe kali inauzwa na jimbo lenyewe. Maduka yanaitwa Fine Wine & Good Spirits, yako karibu 600, na anayekuhudumia kaunta ni mwajiriwa wa serikali ya jimbo. Mwaka 1933, marufuku ya pombe ya nchi nzima ilipokuwa inakaribia kufutwa, gavana wa wakati huo Gifford Pinchot aliharakisha sheria ya kuunda bodi ya kusimamia pombe. Alikuwa mtu asiyeipenda pombe na hakuficha kwamba anataka kuinunua kuwe na usumbufu na gharama. Maduka ya kwanza yakafunguliwa Januari 1934. Ukiingia leo utakuta taa nzuri, rafu safi na divai kutoka kila pembe ya dunia, ila mkono wa Pinchot bado unausikia ukifika kulipa.

Kwenye bei ya kila chupa kuna kodi ya asilimia 18 ambayo huioni kwenye risiti, maana imeshaingizwa kwenye bei ya rafuni. Ilianzishwa 1936 kwa asilimia 10 kusaidia mji wa Johnstown uliokuwa umepigwa na mafuriko. Mji ulijengwa upya, kodi ikabaki, ikapanda hadi 15 mwaka 1963 na 18 mwaka 1968. Juu yake unalipa kodi ya mauzo, asilimia 6 ya jimbo na 2 ya Philadelphia. Bwana harusi wa sherehe niliyoshughulikia safari hii alikuwa ametenga fedha kwa bei alizoziona kwenye mtandao wa jimbo jingine, na ilibidi tupunguze konyagi na wiski pale pale kwenye troli. Ndugu, bajeti ya vinywaji vya Pennsylvania ipangwe kwa bei ya Pennsylvania.

Huduma yenyewe naisifu kwa moyo wote. Mama mmoja aliyekuwa zamu alituuliza idadi ya wageni, wangapi hawanywi kabisa, sherehe inaanza saa ngapi na chakula ni kipi. Akapiga hesabu ya glasi tano kwa chupa ya mililita 750, akatupunguzia divai nyeupe na kutuongezea nyekundu kwa sababu ya nyama iliyokuwa kwenye menyu. Alitutoa kwenye chupa ya bei ya juu akatuonyesha ya bei ya chini ambayo yeye mwenyewe huinunua. Muuzaji anayekupunguzia bili mwenyewe ni nadra kumpata, nadhani inasaidia kwamba halipwi kwa kamisheni. Alimwomba bwana harusi kitambulisho ingawa ndevu zimemjaa, na alivyoomba hakukuwa na dharau. Umri ni 21, hapa na nchi nzima, tangu sheria ya shirikisho ya 1984 iliyotishia kuyapunguzia fedha za barabara majimbo yatakayoruhusu chini ya hapo. Mgeni aliyetoka nyumbani aje na pasipoti, hiyo inakubalika.

Sasa bia. Duka hilo la serikali lisikudanganye kwa ukubwa wake, bia za harusi hutazipata humo. Bia ina bohari zake, za watu binafsi wenye leseni, na kwa miaka mingi bohari hizo ziliruhusiwa kuuza kwa katoni nzima tu. Mabadiliko ya 2016 yaliziruhusu kuuza hata kopo moja. Kwa harusi bohari ndiyo mahali pake: unapata katoni, barafu, hata mapipa, na vijana wanakupakilia. Tuliyokwenda sisi ni ya familia, chafu kidogo, haraka sana, na mzee mwenye duka alituambia wazi kwamba bia tuliyoitaka imekaa muda, tuchague nyingine. Kwa neno hilo tu nitarudi.

Kuna anayeuliza kwa nini tusimalize kila kitu supamaketi. Ni kweli tangu 2016 supamaketi nyingi zina kona ya bia na divai. Lakini kona ile kisheria ni mgahawa: lazima iwe na viti vya watu 30 na unalipia kwenye keshia yake. Ndiyo maana unakuta meza tupu katikati ya rafu za bia na unajiuliza nani anakaa pale. Kila unapolipa mwisho ni lita tatu za divai, yaani chupa nne, na bia aunsi 192, ambazo ni makopo 16 ya kawaida. Kwa chakula cha nyumbani inatosha. Kwa ukumbi ni kupoteza siku.

Kamati nayo, kama kawaida, ilikuwa na mjumbe mwenye wazo la kwenda Delaware, ambako hakuna kodi ya mauzo na maduka makubwa yako dakika chache baada ya mpaka. Nilikataa. Kuingiza Pennsylvania pombe iliyonunuliwa jimbo jingine ni kosa, na gari lililojaa katoni za harusi halifichiki. Wanaofanya hivyo ni wengi mno, najua. Mimi jina langu ndilo linalonipa kazi.

Lililonifanya niandike maoni haya ni ombi lililokuja wiki ile ile. Marafiki wa bwana harusi waliniomba niweke kwenye meza ya vitindamlo sahani ya peremende za bangi. Walisema ni halali siku hizi, ng'ambo ya mto kwenye jimbo la New Jersey zinauzwa dukani kama dawa ya kikohozi. Sikutaka kuwajibu kwa hasira za kimama, nikavuka daraja la Ben Franklin nikaone mwenyewe.

New Jersey walipiga kura ya kuhalalisha Novemba 2020, na mauzo kwa watu wazima yakaanza Aprili 21, 2022. Si kila mji una duka, kwani sheria iliwapa madiwani haki ya kukataa na miji mingi ilikataa. Jambo lililonishangaza ni kwamba katika eneo lile lile la maegesho kulikuwa na supamaketi kubwa isiyo na bia hata moja: sheria ya New Jersey hairuhusu kampuni moja kuwa na leseni zaidi ya mbili za kuuza pombe rejareja, kwa hiyo matawi mengi ya supamaketi hayana. Bangi mlango wa kushoto, bia hakuna mlango wa kulia.

Duka lenyewe nalipatia alama nzuri kwa utaratibu. Mlinzi anaangalia kitambulisho mlangoni, chini ya miaka 21 hupiti. Ndani kumetulia, pananukia kidogo, hakuna anayevuta, na hairuhusiwi kuvuta hata kwenye maegesho. Malipo ni fedha taslimu au kadi ya benki, kwani kampuni za kadi za mkopo hazitaki kuigusa biashara hii kwa sababu ya sheria ya shirikisho. Kijana aliyenihudumia alinieleza vizuri kwamba kila peremende ina miligramu 10 za kilevi cha bangi, pakiti nzima 100, na kwamba mara moja mtu hauziwi zaidi ya aunsi moja ya maua makavu ya bangi au kiasi kinacholingana nacho. Pakiti zinafunguka kwa shida ili watoto wasiweze. Akanionya pia kwamba ya kula huchelewa, pengine saa mbili, na watu huumia kwa kuongeza nyingine wakidhani ya kwanza haijafanya kazi. Hilo alilisema bila kuulizwa, na ninamshukuru.

Kisha nikamwambia naishi Philadelphia na hizi ni za harusi ya huko. Akatabasamu tu, akasema wateja wao wengi wanatoka huko. Kweli, nusu ya magari nje yalikuwa na namba za Pennsylvania. Tangazo la kutovusha bidhaa nje ya New Jersey lilikuwepo, limebandikwa chini karibu na mashine ya kutolea fedha, kwa maandishi madogo. Hapo duka linapoteza nyota kwangu. Kwa serikali ya shirikisho bangi iko chini ya sheria ya 1970 ya dawa zinazodhibitiwa, na ukishavuka katikati ya mto umeisafirisha kutoka jimbo hadi jimbo, hata kama pande zote mbili zingekuwa zimeihalalisha. Na Pennsylvania haijaihalalisha. Tangu 2016 ina mpango wa wagonjwa wenye kadi, basi. Asiye na kadi akikutwa na bangi isiyozidi gramu 30, sheria ya jimbo inasema hadi siku 30 jela na faini ya dola 500. Jiji la Philadelphia tangu 2014 hutoza dola 25 kwa kiasi kidogo, na hapo ndipo vijana wetu wanapojiona wako salama.

Hawako salama, na sababu haijabandikwa kwenye ukuta wowote wa duka lile. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba kosa la bangi chini ya sheria ya shirikisho linaweza kumnyima mtu uraia kwa kigezo cha tabia njema, hata kama alichofanya ni halali katika jimbo lake. Si lazima uwe umeshtakiwa, kukiri tu mbele ya afisa kwamba uliitumia kunaweza kutosha. Kufanya kazi kwenye duka la bangi nako kumo. Nyinyi mnaosubiri viapo vya uraia, mnaoishi kwa kadi ya ukaazi, mliopo kwenye mchakato wa ukimbizi, ombi langu ni kwamba kabla ya kuingia humo mzungumze na wakili. Na nyinyi ndugu zangu mnaoendesha malori, kipimo chenu cha dawa za kulevya ni cha shirikisho, hakijui New Jersey wala Colorado. Tangu Januari 2020 anayefeli anaandikwa kwenye rejista ya taifa ambayo kila mwajiri lazima aiangalie kabla ya kukukabidhi usukani, na dalili za bangi zinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa.

Nilimwomba meneja aongeze tangazo la namna hiyo, kwa lugha kadhaa, mahali ambapo macho yanafika. Alinisikiliza kwa adabu akasema wao hutundika yale ambayo sheria inawataka watundike. Namwelewa, lakini wateja niliowaona kwenye foleni wengi walikuwa wahamiaji kama mimi, na duka linalojua kumwonya mtu asiongeze peremende ya pili linaweza kumwonya na hili. Duka hilo la bangi nalipatia nyota tatu. Duka la serikali la pombe nalipatia nne, ya tano imekwenda na kodi ya Johnstown. Bohari ya bia tano.

Sikununua kitu ng'ambo. Vijana niliwaita nikawasomea orodha ya wageni: mle mlikuwa na madereva watatu, shangazi wa bi harusi aliyekuwa na miadi ya usaili wa uraia, na watoto wasiopungua thelathini ambao wakiona peremende mezani hawaulizi. Mmoja wa vijana hao alikuwa mwenyewe anasubiri kadi yake ya ukaazi. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza kama jina lake huandikwa mahali wakati kitambulisho kinapoangaliwa mlangoni. Nikampa namba ya wakili aliyenishughulikia mimi, akampigia kabla hatujamaliza kupakua bia.