Sindano za kichina kwa mugongo, hapa Goma

Kama uko na ile mugongo ya chini inauma miezi na miezi, enda uwaone hawa watu wa sindano za akupankcha (nyembamba, hazina dawa ndani) pale kwenye kabine yao kidogo upande wa Himbi, mi nawapa nyota ine kabisa. Motari wa pikipiki na watu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mnanielewa, hizi barabara zetu za mawe ya volkano zinakula kiuno.

Munganga anakulalisha juu ya tumbo, anaanza na pointi ya kuchoma wanaita Shenshu, pande mbili za uti wa mugongo usawa wa kiuno, halafu Dachangshu chini yake kidogo, halafu Weizhong, na hapo nilishangaa juu iko nyuma ya goti kwenye mukunjo, mbali na mahali panauma! Lakini ni ya zamani sana kwa wachina, kwa mugongo ni hiyo wanakimbilia. Hausikii maumivu ya kweli, unasikia uzito fulani unatembea. Kila sindano inatoka kwa paketi yake, mbele ya macho yako, ikitoka inatupwa. Kama hawafanyi hivyo, toka.

Siyo miujiza. OMS, shirika la afya la dunia, mu 2023 iliweka sindano kati ya njia za kusaidia mugongo wa muda mrefu, lakini pamoja na mazoezi, na Waingereza kwa mwongozo wao wa afya wa 2016 walizikataa kwa mugongo. Mi nimepata nafuu, nalala vizuri. Nyota ya tano nimeinyima juu ya kungoja, unafika saa mbili unaingia saa sita.

Kama miguu inakufa ganzi ao mkojo haujizuii, usiende kwa sindano, kimbia hospitali siku ile ile.