Mbio za magari Mufindi: uzoefu wangu wa siku mbili na kamera

Nianze na hela, maana ndicho kila mtu ananiuliza. Kutazama ni bure. Hakuna tiketi wala geti, unasimama kando ya barabara ya vumbi kama mtu anayesubiri daladala. Kinachokula pesa ni mengine: nauli ya Mbeya hadi Mafinga, mji wa huko Mufindi, kwenda na kurudi, gesti kwa 25,000 kila usiku, bodaboda wa kunizungusha kwa 35,000 kwa siku, na lenzi ya kukodi. Hiyo lenzi nitaisema.

Nilifika Ijumaa jioni. Mimi ni wa Mwanjelwa, Mbeya, baridi nilidhani naijua. Ya Mafinga mwezi wa saba ni nyingine. Gesti ilikuwa safi, blanketi mbili nzito, maji ya moto yanaletwa kwa ndoo, ila soketi ilikuwa moja tu na iko nyuma ya mlango; nikichaji betri, mlango haufunguki. Dada wa mapokezi alicheka akaniazima ekstensheni ya kwao. Kwa bei ile sina neno.

Kama hujawahi kwenda kwenye mbio hizi za rally, usifikirie magari yanayozunguka uwanja yakisukumana. Barabara ya kijijini au ya msituni inafungwa kwa saa kadhaa, kila gari linaachiwa peke yake, na linalofuata linasubiri dakika chache ili lisile vumbi la mwenzake. Mshindi ni aliyetumia muda mdogo kuliko wote ukijumlisha vipande vyote vya njia. Ndani wamo wawili, dereva na msoma ramani, ambaye anamsomea mwenzake kila kona kabla hawajaifikia, kutoka kwenye daftari waliloandika walipoipita njia ile taratibu kabla ya mashindano. Sasa wewe uliyesimama pale, kila gari unaliona sekunde tatu, nne. Limepita. Unasubiri jingine.

Hilo la kusubiri ndilo sikulielewa Jumamosi. Nilitaka kuona kila kitu. Bodaboda wangu naye alikuwa na moto kuliko mimi: "Kaka, twende darajani, kule yanaruka!" Tukakimbilia darajani, tukakuta barabara imeshafungwa na kijana wa usalama anaturudisha kwa mkono bila hata kutusikiliza. Tukazunguka njia ya mashambani kwenda sehemu nyingine, tukafika gari la tatu linapotea kwenye mteremko. Sehemu ya tatu hatukufika kabisa, pikipiki ilipata pancha. Siku nzima nimebonyeza picha 200 na kitu, na nyingi ni ukuta wa vumbi jekundu wenye taa mbili za nyuma.

Lawama nyingine naipeleka kwa waandaaji. Ratiba niliipata usiku kwa WhatsApp, picha ya karatasi iliyopigwa upande, mistari ya chini imekatwa. Imeandikwa saa tatu asubuhi. Gari la kwanza lilipita saa nne na nusu. Mimi nimekuja kutembea, nitavumilia. Lakini palikuwa na mzee na ng'ombe wake saba, amezuiwa upande wa pili wa barabara na maji ya kunywesha yako upande wetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hivi hii njia wanafungua saa ngapi? Mimi niliambiwa ni kesho."

Sikuwa na jibu. Alisubiri mpaka saa nane, fimbo mabegani, ng'ombe wamelala chini.

Jumapili nikamwambia bodaboda leo hatukimbizi kitu. Tulitoka kungali giza, tukaingia kwenye msitu wa mipaini upande wa Sao Hill, nikachagua kona moja. Nilipanda kwenye ukingo wa juu, upande wa ndani wa kona. Hili nalirudia kwa wapiga picha wenzangu: upande wa nje, ule unaoonekana mzuri kwa sababu gari linakujia uso kwa uso, ndiko gari linakokwenda likishindwa kukata. Vijana kadhaa walikuwa wamekaa kwenye magogo palepale. Dada mmoja wa usalama, koti la kung'aa na filimbi mdomoni, akawaondoa wote, na mwenye maneno mengi akaambiwa gari halitaachiwa mpaka ahame. Nampa alama zote. Wakiwa na kumi kama yeye, nitamleta hata mwanangu.

Sasa lenzi. Niliikodi dukani Mbeya, 70-200 ya kuvuta mbali, na ilipofika kazini ikawa inatafuta fokasi mbele na nyuma kama mlevi anayetafuta kitasa. Pete ya kuzumu ilikuwa inakwaruza, ina mchanga ndani. Kabla hujaondoka dukani, izungushe pete ukiwa umeiweka karibu na sikio, mimi sikufanya. Dawa niliyopata ni kuzima fokasi ya kamera, nikalenga kwa mkono jiwe jeupe lililokuwa katikati ya kona, nikaacha hapo. Gari likifika kwenye jiwe, nabonyeza. Spidi ya kamera ya 1/1000 ya sekunde ikagandisha hata kokoto zilizo hewani. Mchana nikashuka hadi 1/100 nikilifuata gari kwa kamera, miti ikawa michirizi ya kijani. Katika picha ishirini za namna hiyo, mbili zilitoka. Lenzi usibadilishe mahali pale hata kidogo. Vumbi likiingia ndani ya kamera umeumia.

Nilichokipenda zaidi hakikuwa hata kwenye mpango. Watoto wa kijijini walikuwa wanayataja magari kabla hayajaonekana. Wanakaa kimya, mlio unatoka mbali kwenye miti, mmoja anasema "Subaru," mwingine anabisha "Evo hiyo," yaani Mitsubishi, na gari likitokeza wanaoshindwa wanapigwa konzi. Yule wa Subaru hakukosea hata mara moja. Na mama aliyekuwa anauza chai na chapati chini ya ukingo alikuwa anasikiliza kama wao: akisikia mlio anafunika kikaango kwa sinia, anafunika birika kwa kanga, gari linapita, anahesabu kidogo, anafunua. Chapati zake sikukuta mchanga.

Wanaokwenda Naivasha, Kenya, ambako Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, msije huku kutafuta skrini kubwa na helikopta. Choo ni msitu. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Beba maji, koti, na kitambaa cha pua.

Jioni jua lilipolala kati ya miti, vumbi lile lililonitesa Jumamosi likageuka nuru yenyewe, limesimama kwa mistari kati ya mashina. Nilipata picha moja ya gari likiwa limeegemea upande, matairi ya nyuma yanarusha udongo. Usiku gesti nikaikuza. Dereva macho yamemtoka. Pembeni yake msoma ramani ameinamisha kofia, kidole kwenye daftari, kona yetu wala hakuiona. Nikarudi kwenye picha zote za siku ile: gari baada ya gari, wa pembeni ameinama vilevile.

Jumatatu nikarudisha lenzi. Jamaa wa dukani akaizungusha pete, ikakwaruza, akaniuliza kama nilikuwa shambani. Nikamwambia nimeikuta hivyo. Kati ya 50,000 ya dhamana akanirudishia 30,000. Nilibisha kidogo tu, maana mchanga wa kwanza ulikuwa wao, lakini mwekundu ule ulikuwa wangu.